Zinanyonyoka au zinakatika? Majibu ya maswali yenu kuhusu nywele

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja: nywele zinajaa kwenye kitana wakati mwenyewe anahangaika kuzirefusha. Tumechagua tano zinazogusa matatizo ambayo wengi wenu mnayo.

Nimefumua rasta nilizokaa nazo miezi miwili, nikatoka na bonge la nywele la kujaa kiganja. Nina nywele za asili, sijaweka dawa ya kulainisha miaka miwili sasa, na urefu umegoma mabegani. Je, rasta ndizo zinaninyonyoa?
*Msomaji, Dodoma*

Pole kwa hofu, dada. Tuanze na hesabu. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja, na kwa kawaida 50 hadi 100 hutoka kila siku. Kila unywele una muhula wake: hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hutoka na mwingine huota kwenye tundu lilelile. Ukiwa umesuka, nywele zinazotoka hazina pa kwenda, zinabaki zimefungwa ndani ya rasta. Miezi miwili ni kama siku 60: mara nywele 50 ni 3,000; mara 100 ni 6,000. Bonge uliloliona ni la siku zote hizo, limetoka kwa mkupuo. Kwa hilo usikose usingizi.

Kinachotushughulisha zaidi ni huo urefu uliogoma. Chukua nywele kumi kutoka kwenye bonge, zitandaze juu ya kitambaa chekundu au cha bluu, kisha zitazame karibu na dirisha. Unywele ulionyonyoka ni mrefu sawa na wenzake walio kichwani, na mwisho wake mmoja una kidoti cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini. Hapo ndipo ulipokuwa umekaa ndani ya ngozi. Uliokatika hauna kidoti. Ni kipande kifupi, mara nyingi cha sentimita mbili tatu, na ukiupitisha kati ya vidole utahisi ncha zake zinakwaruza au zimepasuka.

Kunyonyoka mara nyingi hutoka mwilini: homa, uzazi, upungufu wa damu, homoni. Kukatika hutoka mikononi mwetu: kitana, moto, dawa, ukavu. Mtu mwenye nywele zinazokatika akinunua vidonge anapoteza hela, na mwenye zinazonyonyoka akibadilisha mafuta kila wiki naye anapoteza hela.

Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi hukua pungufu kidogo ya hapo. Kwa mwaka una kama sentimita kumi. Ncha zikikatika sentimita kumi kwa mwaka huohuo, urefu utakaa mabegani hata uombe vipi. Kwa hiyo pima. Chagua sehemu nne, mbele, utosini, pembeni na kisogoni, nyoosha fungu dogo la nywele na ulipime kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya miezi mitatu. Usipime kwa kioo, maana nywele za kipilipili zikijikunja huonekana hata nusu ya urefu wake halisi.

Siku ya kufumua ndiyo nywele nyingi hukatika, na kosa kubwa ni moja: kuosha kabla ya kuchambua. Nywele zilizokwisha kutoka bado zimo kati ya nzima. Zikipata maji kabla hujaziondoa, zinajisokota na kuzifunga zile nzima, na hapo kitana hakina namna ila kukata. Fanya hivi:

Kata rasta za bandia chini kabisa ya mahali nywele zako zinapoishia, na uache nafasi ya vidole viwili ili usijikate mwenyewe. Fumua moja, usiende ya pili. Pale kwenye shina utaona ukoko mweupe wa uchafu, mba na mafuta yaliyogandana. Dondoshea mafuta ya nazi au kondishena, usubiri dakika mbili tatu, kisha utanue ukoko kwa vidole kwenda pembeni. Usiuvute kushuka chini. Ukishalegea, chana kwa kitana cha meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu hadi kwenye shina. Kilichotoka kiweke kando, lisokote fungu hilo, ndipo uende kwenye rasta inayofuata. Kwa kichwa chenye rasta ndogo kazi hii inaweza kula saa nne au zaidi. Ukiwa na haraka, iahirishe.

Baada ya hapo gawa kichwa mafungu sita hadi nane, uyasokote ovyoovyo, na uoshe yakiwa hivyohivyo. Changanya shampuu sehemu moja na maji sehemu tatu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, umimine kwenye ngozi ya kichwa na kusugua kwa ncha za vidole, kucha zisihusike. Povu linaloshuka linatosha kuosha nywele zenyewe. Kondishena ikae dakika tano hadi kumi, na ukitaka kuchana tena chana ikiwa bado imo. Kausha kwa kubana na fulana ya pamba, maana taulo huzing'ang'ania. Ukitaka kuzinyoosha, kusuka uzi hufanya kazi bila kuziunguza. Zipumzishe wiki moja au mbili kabla ya kusuka tena, na ncha zilizopasuka zikatwe. Unywele ukishapasuka hauungiki kwa mafuta yoyote, na ukiuacha mpasuko huzidi kupanda.

Mwanangu ana miezi minne. Nikioga nywele zinaziba tundu la maji, na hapa mbele nimebaki na vinyweleo. Bibi anasema ni kwa sababu mtoto ameanza kunijua. Ninyi mnasemaje?
*Mama wa mtoto mmoja, Tanga*

Hongera kwa mtoto, mama. Bibi amekosea sababu, lakini wakati ameulenga sawasawa. Ulipokuwa mjamzito, homoni ya estrojeni ilipanda na kuzishikilia nywele zako katika hatua ya kukua, hata nyingi ambazo zingetoka zikabaki. Ulipojifungua homoni ikashuka, zikaingia katika mapumziko kwa pamoja, na kama tulivyosema hapo juu, mapumziko hayo ni ya miezi kama mitatu. Ndiyo maana zinatoka sasa, mtoto akiwa ameanza kucheka na kuwatambua watu. Mtiririko ni uleule kwa aliyeugua malaria kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyejinyima chakula ili apungue haraka: nywele hutoka miezi miwili hadi mitatu baadaye, wakati yeye ameshasahau kwamba aliumwa.

Kwa wazazi wengi hali hii hutulia yenyewe kati ya miezi sita na mwaka baada ya kujifungua. Vinyweleo vifupi unavyoviona mbele huenda ni nywele mpya zinazoota. Usizibane kwa rasta wala kwa kibanio.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha damu haikukuishia. Waombe kliniki wakupime wingi wa damu, na wakiwa na uwezo wapime pia feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, kwa sababu akiba inaweza kuwa chini hata kama damu inaonekana sawa. Kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze kama ulivyoelekezwa. Kula maini mara moja kwa wiki, na siku nyingine dagaa, maharage, kunde au matembele, pamoja na chungwa au limao, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mboga na nafaka. Chai ya rangi na kahawa vinaizuia kazi hiyo, kwa hiyo zikae mbali na mlo kwa saa moja hivi. Usianze minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, wakati unanyonyesha bila kuongea na daktari. Mtoto akifikisha mwaka na nywele bado zinatoka vilevile, au ukiwa na uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, au unanenepa au kukonda bila sababu, pima tezi ya shingo.

Nimeambiwa maji ya kitunguu, majani ya chai na vidonge vya bayotini vinazuia nywele kunyonyoka. Nitumie vyote kwa pamoja?
*Msomaji, Nakuru*

Hapana. Maji ya kitunguu yamewahi kujaribiwa kwa wagonjwa wachache wenye ugonjwa wa kutoka nywele kwa viraka vya duara, na huo si unyonyokaji wa kawaida. Ngozi nyingine yanaiwasha hadi inatoka vipele. Kusuuza kwa chai iliyokolea hakujathibitishwa, na ukizidisha nywele hukauka. Bayotini, aina ya vitamini B, humsaidia mwenye upungufu wake, na upungufu huo ni nadra kwa mtu anayekula mayai, karanga na maharage. Tena dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi na vya moyo, kwa hiyo ukiwa unavimeza mwambie anayekutoa damu. Angalia pia vidonge vya mchanganyiko vyenye vitamini A nyingi. Ikizidi mwilini, yenyewe hunyonyoa nywele.

Mafuta ya nazi ni jambo jingine. Hayaoteshi nywele, lakini yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, vijiko viwili vya chakula kwa kichwa kizima, zaidi kwenye ncha. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanazuia unyevu kutoka. Zaidi ya hapo, msiyadai miujiza.

Ninasuka yeboyebo na rasta mwaka mzima na naweka dawa. Nywele za mbele zimerudi nyuma kama vidole viwili. Nikitoka saluni nameza panadol ndipo nilale. Zitarudi?
*Msomaji, Mwanza*

Msuko unaohitaji panadol umeshaanza kung'oa. Vipele vidogo kwenye shina na ngozi iliyovutika hadi nyusi zinapanda ni dalili za kufumua usiku huohuo, hata kama umelipa hela nyingi. Mwambie msusi waziwazi, na asipokuelewa badilisha msusi. Uzuri wa mistari haulingani na paji linalopanda.

Kuhusu kurudi, jipime hivi. Simama kwenye mwanga wa jua, mtu akutazame ile sehemu kwa karibu. Kama kuna vinyweleo laini na vitundu vya ngozi vinaonekana, matundu ya nywele yapo hai na nafasi ya kuota ni kubwa. Kama ngozi ni laini, inang'aa na haina vitundu, kovu limeshaziba, na hakuna mafuta yatakayolifungua.

Acha kabisa msuko wowote unaogusa mstari wa mbele kwa miezi sita, pamoja na gundi ya wigi na mkia unaobanwa juu. Ukirudi kusuka, acha upana wa vidole viwili nje ya msuko, punguza pakiti za rasta kwa sababu uzito nao huvuta, na usivuke wiki sita. Usiunganishe dawa na rasta: nywele zilizowekwa dawa zimeshapunguzwa nguvu, na mvuto uleule ambao za asili zingeuhimili huzing'oa au kuzikata. Ukishindwa kuiacha dawa, ipakwe kwenye nywele mpya tu, kila baada ya wiki nane hadi kumi, na zipite angalau wiki mbili kabla ya kusuka.

Minoksidili ya asilimia 2 inaweza kusaidia kama matundu bado hai: mililita moja asubuhi na moja usiku, kwenye ngozi kavu. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi, na wengi huitupa hapo. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne hivi, na mjamzito asiitumie. Vipele vyenye usaha havitibiwi kwa hii. Nenda hospitali kwanza.

Huku kwetu tunaosha kwa maji ya kisima yenye chumvi. Nikishaoga nafunga mtandio nywele zikiwa mbichi kwa sababu nawahi kazini. Zinakatika na kichwa kinanuka. Halafu hapa utosini panawaka moto na nywele zimekuwa nyepesi, kama za marehemu mama.
*Msomaji, Unguja*

Mambo mawili ya kwanza ni mepesi. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa huacha utando unaozifanya nywele ziwe ngumu na kavu, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kununua, lita mbili zinatosha. Osha jioni, maana nywele mbichi chini ya mtandio hukaa na joto na unyevu kutwa nzima. Harufu inatoka hapo, mba huongezeka, na unywele uliolowa ni dhaifu kuliko mkavu. Ndani ya mtandio vaa kofia ya satini au hariri, na usibane fundo mahali palepale kila siku.

La utosini ndilo tunaloliwekea uzito, dada. Nywele zinazopungua kuanzia katikati ya utosi na kusambaa kwa duara, pamoja na kuwaka, kuwasha au maumivu ukigusa, na mzazi aliyepata hali hiyohiyo, zinaweza kuwa ugonjwa unaoshambulia matundu ya nywele na kuacha kovu. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mara nyingine hurithiwa. Wengi huuvumilia miaka mingi wakidhani ni joto au mba. Kilichokwisha kuwa kovu hakirudi, lakini kinachowaka sasa kinaweza kuzimwa kwa dawa za daktari wa ngozi, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa una gharama yake. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi ili apime. Omba rufaa ya daktari wa ngozi katika hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa walio bara upande wa kaskazini, hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Mpaka umwone daktari, usiweke dawa, usitumie drayer ya moto utosini, usisuke, na usipake mafuta mazito kuficha ngozi. Siku ya kwenda, nenda na nywele zilizofumuliwa na kichwa kisicho na mafuta, ili aione ngozi yenyewe.