Paa la ghala la meta 30: kabla ya kuandika 0.5, angalia milango

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasanifu ghala la korosho Masasi, upana meta 30, urefu meta 60, kenchi za bomba kila baada ya meta 5, bati geji 28, mteremko wa nyuzi 5, na milango mikubwa ya malori upande mmoja. Unauliza kama upepo wa 0.5 kN (kilonyutoni; 1 kN ni kama uzito wa kilo 100) kwa meta ya mraba "kama kawaida" unatosha. Hautoshi. Na hata ukiongeza hiyo namba, bado hujafika kwenye hatari yenyewe.

Nikueleze yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilisanifu bwalo la shule moja kanda ya kati. Hesabu nilizifanya kwa uangalifu, nikalichukulia kama jengo lililofungwa pande zote. Mjenzi akapaua kabla ya kuweka milango na madirisha, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia. Jioni moja ukaja ule upepo unaotangulia mvua ya radi, ukaingia kwenye tundu la mlango lililokuwa wazi, haukupata pa kutokea. Bati ziliondoka zikiwa bado zimeshikana na papi zake, yaani fito zinazobeba bati. Nguzo hazikuguswa. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtoto ndani. Kosa lilikuwa langu: sikuandika popote kwenye michoro kwamba paa lisiezekwe kabla ya milango.

Tangu siku hiyo, namba ya kwanza ninayoitafuta ni ya presha ya ndani. Kwa Eurocode, yaani kanuni za usanifu za Ulaya, jengo ambalo matundu yake yametawanyika lina kizidishi cha ndani (namba unayozidisha kwa presha ya upepo; + ni kusukuma, − ni kufyonza) cha +0.2 au −0.3, unachukua kibaya zaidi. Lakini upande mmoja ukiwa na uwazi unaofikia mara 3 ya matundu mengine yote kwa pamoja, presha ya ndani inakuwa asilimia 90 ya ile inayopiga ukuta wenye uwazi huo. Ukuta unaopigwa na upepo kwa ghala lenye kimo kidogo na pana kama lako una karibu +0.7. Kwa hiyo ndani unapata kama +0.63, mara 3 ya ile +0.2. Milango ya malori wakati wa msimu wa korosho haifungwi kutwa nzima, hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa kasi. Presha ya upepo kwa N/m² ni 0.613 mara kasi (m/s) kipeo cha pili, kwa hiyo kosa dogo la kasi linakuwa kosa kubwa la mzigo. Na hapa vijana wengi wanaanguka: kanuni ya Kiingereza CP3 ya 1972 inataka dharuba (mpigo mkali wa ghafla) ya sekunde 3, mrithi wake BS 6399-2 inataka wastani wa saa nzima, Eurocode inataka wastani wa dakika 10. Upepo uleule mmoja unaweza kuandikwa 28 m/s kwa dakika 10 na karibu 40 m/s kwa dharuba. Ukiichomeka 28 kwenye kanuni inayosubiri dharuba, unapata 0.48 kN/m² badala ya 0.98. Nadhani hiyo 0.5 yetu ya "kawaida" mara nyingi imezaliwa hivyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa usiwaombe wastani wa mwezi, hautakusaidia. Omba dharuba kubwa kuliko zote ya kila mwaka, kwa miaka mingi kadiri zinavyopatikana, kisha ufanye hesabu ya Gumbel, ya kitakwimu ya kukadiria matukio adimu, upate upepo wa miaka 50. Na usidhani "miaka 50" ina maana jengo halitauona: uwezekano wa kasi hiyo kufikiwa au kupitwa angalau mara moja ndani ya miaka 50 ni asilimia 64. Kusini kwetu kuna vimbunga pia, ingawa ni adimu kwa vile tuko karibu na ikweta. Lindi ilipigwa Aprili 1952, kimbunga Kenneth mwaka 2019 kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, na kimbunga Hidaya kikafika Mafia Mei 2024.

Tuchukue hiyo 0.98 kwa mfano tu, tuone paa lako. Katikati ya paa kizidishi cha nje ni karibu −0.6, yaani upepo unafyonza kwenda juu. Jumlisha +0.63 ya ndani: 1.23 × 0.98 ni 1.2 kN/m² kwenda juu. Paa lako lote, bati, papi na kenchi, lina uzito wa kama 0.2 tu. Ukizidisha upepo kwa 1.5 ya usalama na kutoa uzito huo, unabaki na 1.6 kN/m² ya kunyanyua. Kila nguzo inabeba eneo la meta 5 kwa 15, kwa hiyo inavutwa juu kwa kN 120. Hizo ni tani 12! Ukitaka kuzishika kwa zege peke yake unahitaji meta za ujazo 5 kwa kila nguzo. Uzito wa nguzo na udongo ulio juu ya msingi utakusaidia, ila lazima uuhesabu, na bolti za nanga, zinazoshika nguzo kwenye msingi, nazo zihesabiwe kwa kuvutwa.

Jambo jingine ambalo mchoro wako unalisahau ni bomba la chini la kenchi. Mzigo ukishuka, bomba hilo linavutwa, na bomba jembamba linatosha. Paa likinyanyuliwa, linageuka kuwa la kugandamizwa, na kwa urefu wa meta 30 bila kushikwa ubavuni litapinda upande hata kama chuma chenyewe bado kina nguvu. Weka vishikizo vya kuunganisha mabomba ya chini kutoka kenchi hadi kenchi. Kwa chuma kidogo unapata faida kubwa.

Kona na kingo zipe hesabu yake. Kwa nyuzi 5, kona inafika −1.7, ukiongeza ya ndani unakaribia 2.3 kN/m², kabla ya kuzidisha kwa 1.5. Huko papi zisogezwe karibu na skrubu ziongezwe. Misumari ya bati usiiruhusu kabisa. Darwin, Australia, kimbunga Tracy cha Desemba 1974 kilionyesha kwamba bati linachoka: linavutwa na kuachiwa tena na tena mpaka linapasuka kuzunguka tundu la skrubu, nayo skrubu inabaki kwenye papi.

Paa la jukwaa la uwanja wa mpira ni jambo jingine. Paa lenye ncha inayoning'inia linatikisika na dharuba, majedwali haya hayatoshi, linahitaji kupimwa kwa kielelezo kwenye handaki la upepo, yaani njia ya majaribio inayopulizwa upepo.

Mkuu, weka hapa mchoro wa pale kenchi inapokaa juu ya nguzo, pamoja na kipimo cha bolti na urefu wake ndani ya zege. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro andika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kupaua kabla milango haijawekwa.