Usiku namsugulia nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini wengi wetu tunapiga mswaki asubuhi tu, usiku tunalala na mabaki ya chakula mdomoni. Mimi naona usiku hakuna wa kututazama.

Nimezaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Watu wa kwetu mnatutambua tukicheka: meno ya kahawia. Maji yetu yana floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano, sehemu nyingine mara kadhaa ya kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Hata magadi ya kulainishia makande yanaongeza. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, rangi inaingia humo humo, na hakuna mswaki wa kuitoa.

Hayo sikuyajua. Nilisugua kwa mkaa, kwa majivu, siku moja kwa mchanga wa mtoni mpaka damu. Nyumbani sikuona aibu, maana sote tulifanana. Aibu niliikuta bweni, Tanga. Asubuhi tulijipanga bombani na kila mtu alisugua povu likimfika kidevuni, kwa kuwa tunaonana. Msichana mmoja akaniuliza, tena kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi: "Dada, kwenu hakuna dawa ya meno?"

Tangu hapo nacheka kiganja kikiwa mdomoni. Mswaki wa usiku nikauacha kabisa. Kama asubuhi nasugua na bado naonekana mchafu, usiku namsugulia nani?

Magego mawili yakatoboka. Kwa daktari sikwenda, niliweka karafuu. Kwetu mtu huenda shavu likishavimba, na kwa hali hiyo jino ni la kung'olewa tu; anarudi na pamba mdomoni na hadithi ya koleo, watoto wanasikiliza, nao wakikua wanangoja shavu livimbe. Nilipokwenda hatimaye, yule mama aliyenitibu alinipa kioo: "Mwanangu, haya ya mbele ni maji ya kwenu. Uchafu uko huku nyuma, kusikoonekana." Nilikuwa na miaka 27, na hakuna aliyewahi kunitenganishia weupe na usafi. Matangazo ya dawa za meno ndiyo kabisa, yanauza weupe. (Floraidi hiyo hiyo, ikiwa kidogo ndani ya dawa ya meno, hulinda jino lisitoboke. Mdogo wangu haniamini. Anasema yeye alishakunywa ya kutosha.)

Sasa napiga mswaki usiku, kwa sababu mtu akilala mate hupungua na meno hukosa cha kuyasafisha. Mume wangu, mtu wa Pwani, meno meupe kama tui, husukutua maji tu akalala. Nimemsema mpaka nimechoka. Yeye hajawahi kuulizwa kama kwao kuna dawa ya meno.

Msomaji, Moshi