Kuchanja ndigana kali: kwa nini wa porini wanachanja na sisi wa bandani tunasita

Mkuu, umeuliza kwa nini wafugaji wa Simanjiro, ambao watu wa mjini huwaona wagumu, wanachanja ndama wao ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, wakati majirani zako wenye ng'ombe wa kisasa wawili watatu hawachanji. Na wewe mwenye mtamba mmoja ufuate upande upi. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa Arumeru na shemeji zangu wanachunga Monduli, kwa hiyo nazijua pande zote mbili.

Suala la elimu liweke kando. Sijakutana na mfugaji wa huku asiyeijua ndigana. Ndama anavimba tezi chini ya sikio, homa inapanda, anaanza kuhema kwa shida, povu linatoka puani, na hapo hata ukimwita daktari mara nyingi mnazungumzia ngozi tu. Wote wanajua. Tofauti iko kwenye hesabu.

Shemeji yangu hana namna ya kumkwepa kupe. Josho liko mbali, na likiwa karibu halina dawa. Ndama wake wakizaliwa, anajua sehemu yao ni ya ndigana. Chanjo hii hupigwa mara moja tu maishani, na ng'ombe anavishwa hereni. Mnadani hereni hiyo ni pesa, maana mnunuzi anayepeleka ng'ombe kwenye eneo lenye kupe hataki kununua mzoga unaotembea. Kwake sindano inarudisha gharama hata kabla hajahesabu waliopona.

Sasa njoo kwetu. Chanjo yenyewe ina vimelea hai waliotokana na kupe waliosagwa, na haikai kwenye friji ya duka la dawa za mifugo. Inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na mrija mmoja una dozi karibu 40. Ukishayeyushwa na kuchanganywa, unatakiwa uishe ndani ya saa chache. Monduli boma moja linaumaliza kabla ya saa nne asubuhi. Wewe wa Usa River na mtamba wako mmoja utachangia na nani? Lazima uzunguke nyumba kwa nyumba kuomba watu wajiandikishe, halafu siku yenyewe nusu yao hawapokei simu. Wengi wetu hatukukataa chanjo. Hatukufika idadi.

Halafu kuna maziwa. Pamoja na chanjo, mnyama anapigwa OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki) ya asilimia 30, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, ili vimelea hai wa chanjo wasimzidi nguvu. Ukimpiga ng'ombe anayekamuliwa, maziwa yake humuuzii mtu kwa siku kadhaa. Kwa anayelipa ada kwa maziwa, hapo mjadala umeisha. Ndiyo maana watu wa bandani tuchanje ndama na mitamba, tusisubiri wazae.

Na hii OTC ndiyo chanzo cha maneno ya "chanjo inaua" unayoyasikia. Dozi yake inakwenda na uzito: mililita 1 kwa kila kilo 10. Nimemwona mchanjaji akimtazama ndama kwa macho tu, anasema "huyu kilo 60", mwenye ndama anafurahi dawa itatumika kidogo. Futi ya kifuani, ule utepe wa kukadiria uzito, ilipofungwa, ikasoma zaidi ya kilo 80. Ndama wa namna hiyo akipunjwa OTC, baada ya wiki mbili hivi anaweza kuugua ndigana yenyewe, na habari inazunguka kijiji kizima. Kuku ni vilevile: watu wanakimbilia matone ya kideri wakati wameshaona kuku wawili wanasinzia, waliobaki wanakufa, lawama inaiangukia chanjo. (Na kuku kwa kawaida ni uamuzi wa mama. Kama baba ndiye anayeitwa kwenye mkutano wa chanjo, usishangae kuku kubaki hivyo hivyo.)

Usichanganye hii na kampeni ya serikali iliyozinduliwa Bariadi 2025, ya shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo. Ile ya ng'ombe ni ya homa ya mapafu. Kuna jamaa wamelipa hiyo mia tano wakarudi nyumbani wakaacha kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, wakidhani wamechanja ndigana.

Kwa mtamba wako: kama majani unakatiwa porini au kando ya barabara ambako ng'ombe wanapita, kupe unawaleta mwenyewe na banda halikukingi. Mimi ningechanja. Ongea na afisa mifugo wa kata, muulize mrija unafunguliwa lini na wapi, hata kama ni kwenye boma la mtu mwingine, umpeleke mtamba siku hiyo. Hakikisha mchanjaji ana futi, na umpigie ukiona homa kati ya wiki ya pili na ya tatu. Kuogesha endelea kama kawaida, maana ndigana baridi na maji moyo, magonjwa mengine ya kupe, hayamo kwenye sindano hiyo.