Winchester 94 au Marlin 336? Jibu langu kwa anayetafuta bunduki ya leva ya kuwindia

Mkuu umeuliza kwamba umepata nafasi ya kuchagua kati ya Winchester 94 na Marlin 336, zote zimetumika, zote za risasi ya .30-30, unataka ya kuwindia na siyo ya kutundika ukutani, na kuna jamaa kakwambia usiguse Winchester yoyote iliyotengenezwa kuanzia 1964. Mimi nilianza na 94, nikawinda nayo miaka, sasa hivi natembea na 336, kwahiyo nakujibu kwa kile nilichokishika kwa mikono yangu. Kibali naamini ushakamilisha au uko njiani, sheria za huko uliko unazijua wewe, siingii huko.

Mimi nakwambia anza na macho yako, jina la bunduki litafuata. 94 aliichora John Browning na inatupa ganda kwa juu, yaani ukishusha leva (ule mkono wa chini ya triga wa kupakia) boliti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) inarudi nyuma na ganda linaruka juu karibu na paji la uso wako. Hapo juu katikati ndo mahali ambapo skopu (darubini ya kulengea) ingekaa, kwahiyo skopu ya kawaida haikai vizuri, zipo za kufunga ubavuni ila zinakulazimisha unyanyue au uzungushe shavu kwenye kitako mpaka ulengaji unakuwa wa kubahatisha. Miaka ya 1980 Winchester walirekebisha, ganda likaanza kutoka kwa pembeni, hizo zinakubali skopu. Marlin 336 iliyotoka 1948 yenyewe juu imefungwa kabisa, chuma kizima, ganda linatokea kulia, unafunga skopu chini chini juu ya mtutu na maisha yanaendelea. Kama umri wako au macho yako yameshaanza kukwambia kile kilengeo cha nyuma kina ukungu, hasa jioni mwanga ukipungua, basi chukua Marlin. Mimi ndo kilichonihamisha, siyo kwamba 94 ilinikosea kitu.

Lakini kama bado unaona vizuri, usidharau 94 hata kidogo. Ni nyembamba, bapa, kilo 3 hivi, mkono unaizunguka pale kwenye bodi (lile boksi la chuma lenye mashine ndani) mbele ya triga na inakaa mizani yenyewe, unaweza kutembea porini asubuhi mpaka jioni bila kukumbuka kwamba umebeba kitu. Ndo maana ukishika 94 ya zamani unakuta bodi imepauka pale chini, ule weusi umeisha kabisa chuma kinang'aa, hapo ndo mkono wa mwindaji umekuwa ukishika miaka yote. Wengi wanaogopa wakiona hivyo, mimi nafurahi, maana bunduki iliyobebwa sana mara nyingi haijapigwa sana. Na kuna dawa ya katikati, kilengeo cha tundu cha kufunga nyuma kwenye bodi, unachungulia kwenye tundu, jicho lenyewe linaweka ncha ya mbele katikati, huhitaji kuhangaika kulinganisha vitu vitatu. Kwa mtu ambaye macho yamechoka kidogo tu, hicho kinatosha na bunduki inabaki na umbo lake.

Sasa hili la 1964. Ni kweli mwaka huo Winchester walibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, kinyanyuzi cha risasi (kile kinachoinua risasi iingie mtutuni) kikawa cha bati lililopigwa chapa badala ya chuma kilichochongwa, baadhi ya pini zikawa na uwazi ndani, na bodi za miaka iliyofuata hazikubali kupakwa rangi upya kirahisi kama zile za kwanza. Wakusanyaji wakazikimbia na bei za zile za zamani zikapanda. Ila kwa mwindaji hiyo siyo sababu ya kukataa bunduki, zinapiga sawa na zina nguvu ya kutosha. Bora nichukue ya baada ya 1964 iliyotunzwa kuliko ya 1950 ambayo mdomo wa mtutu umeliwa na fimbo ya kusafishia. Huyo jamaa yako anaongelea thamani ya kuuza, wewe umeuliza ya kuwindia, ni mambo mawili tofauti.

Na hapo kwenye mdomo wa mtutu ndo nataka uangalie kabla ya kitu kingine chochote. 94 huwezi kuisafisha kwa kutokea nyuma bila kuifungua mambo mengi, kwahiyo watu wanaingiza fimbo kwa mbele miaka na miaka, na fimbo ikisugua ukingo wa mdomo upande mmoja risasi inatoka imeyumba. Chukua tochi ndogo, angalia ile mistari ya ndani inavyofika mwishoni, iwe mikali pande zote. Marlin ina raha hapa, unafungua skrubu moja ya leva, leva inatoka, boliti inatoka, unasafisha kutokea kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kama inavyotakiwa, ni kazi ya dakika chache.

Ukaguzi wa mashine yenyewe fanya hivi, na hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba haina kitu na bomba la magazini (lile la chini ya mtutu linalobeba risasi) halina kitu. Vuta nyundo mpaka mwisho halafu isukume kwa nguvu ya kidole gumba kutoka nyuma bila kugusa triga, isianguke. Halafu ishushe taratibu mpaka ile hatua ya nusu, bana triga, nyundo isiende popote. Ikianguka katika jaribio lolote kati ya hayo, mrudishie mwenyewe, usikubali maneno ya kwamba ni kitu kidogo. Kwa 94 kumbuka triga haifanyi kazi mpaka ubane leva juu kabisa ikutane na kitako, hilo siyo kosa, ni usalama wake, hakikisha upo. Marlin za kuanzia miaka ya 1980 zina kitufe cha usalama cha kusukuma pembeni na hapo kuna jambo la kujua, kikiwa kimefungwa nyundo bado inaanguka na inapiga kelele tu, risasi haitoki, mnyama kashasikia kaondoka. Kwahiyo ukinunua yenye kitufe kifanye kidole chako kikizoee.

Omba upewe risasi za mazoezi, zile zisizo na baruti wala fataki (kile kidude cha kwenye tako la risasi kinachowasha baruti), ujaze bomba na uchezeshe leva. Chezesha kwa ukamilifu, chini mpaka mwisho, juu mpaka mwisho. Leva ikishushwa nusu nusu ndo inaleta matatizo ambayo watu wanayalaumu kwa bunduki. Kwenye Marlin angalia kama risasi ya pili inachomoka kwenye bomba na kuingia chini ya kinyanyuzi, leva inakwama kabisa haiendi mbele wala nyuma, hiyo ni kona ya kinyanyuzi imelika, fundi anayezijua anatengeneza ila ipunguze kwenye bei. Kama mwenyewe ana maganda aliyopiga na bunduki hiyo yaangalie matako yake, fataki ikiwa imejitokeza nje ya ganda kuna nafasi imezidi pale nyuma, mpelekee fundi apime kwanza ndo ulipe.

Kuhusu umbali naomba uelewe ilivyo. .30-30 ilitoka 1895, risasi ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inatoka na kasi ya mita 730 hivi kwa sekunde, ya greni 170 inatoka na 670. Ukiiweka sawa kwa mita 100, ikifika 200 imeshuka zaidi ya sentimita 20. Mimi mwisho wangu ni mita 150 na mara nyingi napiga chini ya 80, ndani ya vichaka, nguruwe pori anatokea ghafla unanyanyua, unavuta nyundo, unapiga, na ya pili iko tayari kabla hujashusha bunduki begani. Hapo hakuna bunduki ninayoitaka zaidi ya hii. Ila kama eneo lako ni tambarare na unapiga ng'ambo ya bonde, usinunue yoyote kati ya hizi mbili.

Risasi zenyewe zinatakiwa ziwe na pua bapa au ya mviringo, kwasababu kwenye bomba zimepangana mstari, pua ya nyuma imeegemea fataki ya mbele, na bunduki ikirudisha teke pua kali ya chuma inaweza kuwasha ya mbele ndani ya bomba. Siyo hadithi ya kutisha watu, ni hatari ya kweli. Tangu 2006 Hornady wana risasi za LEVERevolution, ncha ni ya plastiki laini kwahiyo ni salama kwenye bomba na zinaenda mbali kidogo, mimi zinanipiga vizuri ila jaribu na za kawaida kwanza, kila mtutu una chakula chake.

Kuna mkuu hapo juu kataja Savage 99, leva nyingine, na yuko sawa kabisa, hiyo magazini yake inazunguka, haina bomba, risasi zenye ncha kali zinaingia, .300 Savage na .308 zote zipo, na haina nyundo ya nje. Ni bunduki nzuri mno, tatizo haitengenezwi tena na vipuri unavitafuta. Mwingine kauliza kama .30-30 inafaa kwa wanyama wakubwa wa hatari maana Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani, aliwinda Afrika na leva. Roosevelt aliposhuka Mombasa 1909 alikuwa na Winchester 1895 ya .405, hiyo ina magazini ya boksi na risasi nzito kuliko hii yetu, na bado alibeba na ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa wakubwa. Jibu ni hapana, usiende na .30-30 huko.

Mwisho kabisa jambo la kutoa risasi, maana kwenye hizi za zamani kila risasi iliyobaki kwenye bomba inapitia kwenye chemba ndo itoke. Elekeza mdomo ardhini mahali salama, kidole mbali na triga, chezesha leva mpaka zitoke zote, halafu chungulia kinyanyuzi na mwisho wa bomba uone ile rangi ya kisukumio (kile kinachosukuma risasi ndani ya bomba). Usiingie ndani ya gari wala nyumbani kabla hujakiona.

Ukienda kuziona soma kilichoandikwa kwenye mtutu, maana 94 nyingine ni za .32 Special na 336 nyingine ni za .35 Remington, zinaua vizuri ila risasi zake kuzipata ni shughuli. Halafu piga picha ya mdomo wa mtutu na ya kinyanyuzi kwa karibu uziweke hapa, tuziangalie kabla hujatoa hela.