Unataka kuunda gari nyumbani? Anza na mifuko ya bolti

Miezi minne ya mwanzo, gereji yangu hapa Coventry, Uingereza, haikuwa na dalili ya gari jipya. Kulikuwa na Mazda MX-5 kuukuu iliyooza chini ya milango, na mimi nimelala chini yake nafungua bolti. Kama na wewe unafikiria kuunda gari, nakuomba hatua hiyo ya kubomoa gari la zamani uipe uzito kuliko zote. Wengi huifanya haraka haraka, na mradi hufia hapo.

Ninaloliunda ni la mtindo wa Lotus Seven, kigari cha watu wawili cha Colin Chapman kilichotoka mwaka 1957. Tangu enzi hizo kiliuzwa vipande vipande, mnunuzi akaunge mwenyewe, maana vipande havikutozwa kodi ya ununuzi kama gari zima. Siku hizi unanunua fremu na bodi. Injini, giaboksi, difu na breki unazitoa kwenye gari la zamani. MX-5 inapendwa kwa sababu injini yake iko mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma, sawa na Seven.

Haya, tubomoe. Iarifu DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, kwamba gari halitembei tena barabarani, chomoa betri, toa petroli, kisha weka stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake! Bolti ndefu za mikono ya chini ya saspensheni zitakugomea. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huzila mpaka zinagandana na chuma kilichozizunguka. Nilizipulizia dawa ya kutu jioni tatu mfululizo, na bado mbili nilizikata kwa grainda. Hesabu bei ya bolti mpya mapema.

Kila unachofungua kiwe na mfuko wake wa plastiki, umeandikwa kwa wino usiofutika: kalipa ya breki, mbele kushoto, tarehe. Kwenye waya ongeza bidii. Kabla ya kuchomoa soketi yoyote piga picha, halafu bandika namba ileile pande zote mbili. Upande wa dashibodi sikufanya hivyo, nikaamini nitakumbuka. Wikendi sita zilipotea nikifuatilia waya mmoja mmoja kwa mita ya kupimia umeme, mchoro umetandazwa sakafuni.

Jambo jingine: soma mwongozo wa IVA, yaani ukaguzi wa gari mojamoja kama hili la kuundwa nyumbani, kabla hujalipia fremu. Usipofaulu ukaguzi huo, gari halisajiliwi. Mkaguzi anaangalia hata kingo za madigadi na vichwa vya bolti, kwa kuwa sehemu ya nje inayoweza kumjeruhi mtembea kwa miguu inatakiwa iwe na mviringo, nusu kipenyo chake kisipungue milimita 2.5. Ukilijua hilo mapema, unachagua taa na vioo vinavyofaa badala ya kununua mara mbili. Risiti na picha zote tunza, maana utaulizwa kila kipande kikubwa kilitoka wapi.

Jumamosi iliyopita mimi na shemeji yangu tuliishusha injini kwenye fremu, taratibu, yeye kwenye winchi na mimi nikiongoza kwa mikono. Bolti za mauntingi, vishikizo vya injini, nikazitoa kwenye mfuko niliouandika mwezi Februari. Zikaingia zote kwa vidole, bila spana.