Maswali ya Wasomaji: Kanzu Nyeupe Iliyogeuka Manjano

SWALI: Tumehamia ghorofa ya nne hapa Dar es Salaam, wala hatuna uwanja wa kuanikia, kwa hiyo nguo hukaukia ndani na kubaki na harufu ya uvundo. Kanzu nyeupe ya mume wangu nayo imegeuka manjano, ingawa naitia jiki kila wiki. Marehemu bibi yangu kule Pangani alifua kanzu kwa sabuni ya mche, akazisuuza kwa maji ya bluu na kuzianika juani, nazo zikang'aa. Je, bluu ile ingali na faida?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama mpendwa, nianze na jiki, kwa kuwa nadhani kosa liko hapo. Dawa hiyo ya klorini huifaa pamba tupu, lakini kanzu nyingi za siku hizi zimechanganywa na poliesta, ambayo ikitiwa klorini mara kwa mara huweza kugeuka manjano. Kama unatumia maji ya kisima yenye madini ya chuma, hali huwa mbaya zaidi, maana klorini huyageuza madini hayo kuwa kutu inayoganda kwenye nyuzi. Wazee wetu waliondoa doa la kutu kwa ndimu na chumvi, nawe waweza kufanya hivyo. Ila nakusihi uisuuze kwanza kanzu mpaka isibaki na jiki hata kidogo, kwa sababu jiki ikikutana na ndimu hutoa gesi yenye sumu inayodhuru mapafu.

Bluu haiondoi uchafu. Kazi yake ni kuufunika umanjano kwa rangi iliyo kinyume chake, hata jicho likaona weupe. Zamani rangi hiyo ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, nayo ilikuwa ghali mno, mpaka katika miaka ya 1820 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata njia ya kuitengeneza kwa udongo mweupe, soda, salfa na mkaa. Ndipo baadaye ikaweza kufika katika beseni la bibi yako. Sabuni nyingi za unga za leo zina dawa inayofanana nayo kwa kazi, ambayo hunyonya miale ya jua isiyoonekana na kutoa mwanga wa buluu. Ukipenda bluu, itumie bila wasiwasi, lakini ifunge kitambaani na kuikoroga majini kabla ya kuzamisha nguo, isije ikaacha mabaka.

Uvundo una chanzo kingine. Watafiti wa Japani waliuhusisha na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, ambaye huweza kunusurika katika kufuliwa, kisha akastawi nguo inapochelewa kukauka. Jua la Pangani lilikausha upesi, na miale yake iliua vijidudu. Humo ndani, kamua sana, usiache nguo zilizofuliwa zikilala kwenye beseni, zianike kwa kuachana karibu na dirisha lililo wazi, na uwashe feni. Zilizokwisha kunuka ziloweke katika maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Udi nao ufukize kanzu ikiwa imekauka kabisa, kwani moshi wake hautaondoa uvundo wa nguo mbichi.