Jibu: Ana uchungu tangu jana, mbona wamemrudisha nyumbani?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mkeo, mwenye mimba ya kwanza, amerudishwa nyumbani kwa kuwa njia ya uzazi imefunguka sentimita 2 tu. Kwanza mwangalie: akitokwa na damu au chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, mrudishe hospitali sasa hivi. Kama hayo hayapo, yumo katika hatua ya awali ya uchungu, ambayo huweza kuchukua saa nyingi; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 huhesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5. Wodini kwetu sisi wakunga huwahimiza wajawazito walio katika hatua hii wanywe uji, watembee na wakojoe mara kwa mara. Maumivu yakija kila dakika 5, na kila moja likamkatisha maneno, ondokeni; mkikaa mbali, msingoje hadi hapo.